Kurudisha distributa na kupanga taiming kwenye mashine ya boti ya petroli (V8 5.7), mwongozo kamili

Wakuu, hii ni kwa wale wenye boti yenye mashine ya ndani ya petroli, sio autbodi (ile inayofungwa nje nyuma ya boti). Distributa ni kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, na taiming ni wakati cheche inapotoka. Najua pwani kwetu boti nyingi ni autbodi au dizeli na hizo kwa kawaida hazina distributa, lakini zipo boti zenye MerCruiser, OMC au Volvo Penta za zamani na ndani yake ukifungua unakuta ni mashine ya GM, V8 ya lita 5.7, ile ile Chevrolet 350 ya kwenye magari ya Marekani, imevalishwa tu egzosti ya maji na pampu ya maji ya bahari. Ntaelezea hiyo moja kwa undani. Ukiwa na mashine nyingine njia ni ile ile, namba ndo zinabadilika, soma kibandiko cha mashine yako au kitabu chake.

Kitu kimoja nataka kieleweke kabla hujashika spana. Taiming ya boti haipangwi kwa sikio. Mafundi wengi wa gari wanalegeza bolti, wanazungusha distributa mpaka mashine inalia vizuri, wanakaza, wanaondoka. Kwenye gari unaweza ukapona, manake gari ina mteremko, ina foleni, inapumzika. Boti ni kama gari inayopanda mlima siku nzima bila kushusha, ukiiweka mizunguko 3500 kwa dakika inabeba mzigo wote saa nzima na maji yanaivuta muda wote, ikiwa taiming imeenda mbele sana (cheche inatoka mapema mno) mashine inanoki, yaani inagonga ndani, na kelele ya boti ilivyo hutasikia kunoki, utakuja kujua pistoni imetoboka mkiwa katikati ya maji na watu ndani. Taiming laiti (taa ya kupimia taiming) sio kitu cha bei kubwa. Nunua au azima.

Usalama, hapa usiruke

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unajaa kwenye ngama (chini kabisa ya boti) na haupandi wenyewe. Fungua kifuniko cha mashine, nusa kule chini kabisa, washa bloa (feni ya kutoa mvuke) angalau dakika 4 kabla ya kupiga stata, na zimamoto iwe mkononi sio imefungiwa kwenye kabati la mbele. Ukisikia harufu ya petroli acha kazi, tafuta inapovuja kwanza.

Na hapa kuna jambo linaniumiza sana, watu kufunga distributa ya gari kwenye boti sababu inaingia na ni rahisi. Inaingia kweli, shimo ni moja. Lakini distributa ya boti imetengenezwa ili cheche za ndani zisiwashe mvuke wa nje, matundu yake ya kupumulia yana wavu wa kuzuia moto, na hivyo hivyo stata, altaneta, mpaka ile chujio la chuma juu ya kabureta. Ya gari haina. Ukikuta boti uliyouziwa ina distributa ya gari, itoe, usiirudishe hata kama inafanya kazi vizuri.

Kingine ni maji. Mashine isiwake bila maji hata sekunde chache, impela ya pampu ni mpira, ikizunguka kavu inaungua. Ukiwa nchi kavu funga yale masikio ya mpira kwenye guu la boti (lile lenye propela) na hose ya maji iwe wazi kabla ya kuwasha, na usivuke kama mizunguko 1500 kwa dakika ukiwa kwenye hose.

Vifaa

Taiming laiti, spana ya 9/16 (ile iliyopinda inasaidia sana manake bolti ya distributa iko nyuma ya mashine, mahali pabaya), fila geji (ya kupimia pengo), bisibisi bapa ndefu, taa ya majaribio ya volti 12, gasketi mpya ya chini ya distributa, chaki au rangi nyeupe, kitambaa kisafi na simu ya kupigia picha. Tako mita (ya kuhesabu mizunguko) kama ile ya kwenye dashibodi huiamini.

Kuijua mashine yako

Silinda namba 1 ni ya mbele kabisa upande wa kushoto, ukiwa umesimama nyuma ya mashine unaangalia mbele ya mashine, yaani kwenye puli. Kushoto zimepangana 1, 3, 5, 7 na kulia 2, 4, 6, 8. Angalia hapo kwenye neno mbele ya mashine, manake kuna boti mashine imegeuzwa, puli inaangalia tezi, sasa hapo kushoto ya boti sio kushoto ya mashine.

Fayaringi oda (mpangilio wa silinda kuwaka) ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Rota (kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa) inazunguka mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu. Krenki (shafti kuu ya mashine) nayo inazunguka mwendo wa saa ukisimama mbele ya puli. Ila kama boti ina mashine mbili za shafti zilizofungwa pacha, uliza kwanza, zamani moja ilikuwa inatengenezwa izunguke kinyume na oda yake ni 1-2-7-5-6-3-4-8. Ukiifunga ya kawaida hapo itapiga mafataki tu.

Jambo la mwisho kuelewa: krenki inazunguka mara mbili, distributa mara moja. Hii ina maana mbili. Kwanza, namba 1 inafika topu (pistoni juu kabisa) mara mbili kwenye mzunguko mzima wa kazi, mara moja ikiwa kwenye kompresheni (inabana hewa) na mara moja ikiwa inamalizia kutoa moshi, na alama ya kwenye puli itakuonyesha sifuri mara zote mbili, haijui tofauti. Pili, ukizungusha distributa uzi mmoja (digrii moja) kwa mkono, kwenye krenki umesogea nyuzi mbili. Kwa hiyo ukifika kwenye kupanga unagusa kidogo sana, sio kukamata na kuzungusha kama bomba.

Kuitoa

Toa waya wa betri. Piga picha juu, pembeni, kila upande. Waya za plagi zipe namba kwa tepu. Fungua kava (kifuniko cha juu cha distributa), liweke pembeni na waya zake, usizichomoe kama huna sababu. Kama una muda, kabla ya kuchomoa zungusha mashine mpaka namba 1 iwe topu kwenye kompresheni na rota iangalie mnara (pale waya unapochomekwa) wa namba 1 kwenye kava, itakurahisishia maisha mbeleni.

Sasa weka alama mbili: ya kwanza kwenye ukingo wa distributa pale ncha ya rota inapoangalia, ya pili kuonyesha mwili wa distributa umekaaje dhidi ya manifodi. Toa waya wa koili, fungua bolti na kibano chake, vuta juu taratibu. Utaona inapopanda rota inajizungusha kinyume cha saa kidogo, sio tatizo, meno ya gia yamekatwa mshazari ndo maana. Iliposimama kuzunguka, weka alama ya tatu hapo. Hiyo alama ya tatu ndo watu wanaisahau alafu wanahangaika kurudisha.

Ziba shimo na kitambaa. Nati ikidondoka humo imeenda kwenye oili. Na kuanzia sasa mtu asiguse stata.

Ikiwa nje ikague: meno ya gia yakilika kama kisu usirudishe, shafti ikicheza pembeni bushi zimeisha, na zile uzito mbili za advansi (zinazopeleka taiming mbele mashine ikikimbia) chini ya rota zinatakiwa zifunguke na kurudi kwa springi zake bila kukwama. Chumvi inazifunga. Nimeona distributa nyingi za boti ambazo hakuna ugonjwa mwingine zaidi ya hizo uzito kushikwa na kutu, boti inawaka vizuri sailensi (mwendo wa chini bila mzigo) alafu haina nguvu kabisa ikifunguliwa.

Kuirudisha, kama mashine haikuzungushwa

Gasketi mpya, oili kidogo kwenye gia. Elekeza mwili kwenye alama ya manifodi, rota ielekee alama ya TATU, sio ya kwanza. Shusha. Inaposhuka gia inaikamata na rota inajizungusha mwendo wa saa mpaka inatua kwenye alama ya kwanza. Ikitua hapo na distributa imekaa chini kabisa bila uwazi, umemaliza.

Mara nyingi haikai. Inabaki juu kama milimita sita hivi na mtu anaanza kutafuta nyundo. Tulia. Chini ya distributa kuna shafti ya pampu ya oili, mwisho wa distributa lazima uingie kwenye mfereji wa ile shafti, na haujakutana nao. Toa, ingiza bisibisi ndefu mpaka chini, zungusha ule mfereji kidogo uelekee inavyotakiwa, jaribu tena. Usikaze bolti ili kuivuta chini! Hapo unapasua mwili wa distributa au unavunja kitu kwenye pampu ya oili, na pampu ya oili ikiacha kuzunguka mashine yote imekwenda.

Kama mashine ilizungushwa, au hukuweka alama, au umenunua boti ina vipande kwenye ndoo

Toa plagi ya namba 1. Hakikisha koili haina umeme. Mtu aweke kidole gumba kwenye tundu la plagi, wewe zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, mwendo wa saa. Upepo ukianza kusukuma kidole kwa nguvu, hiyo ni kompresheni. Endelea polepole ukiangalia alama ya kwenye balansa (ile ringi nzito ya puli ya krenki) na kile kipimo cha nyuzi, simama kwenye namba ya taiming yako, mfano nyuzi 8 kabla ya topu. Ukipitiliza usirudishe nyuma hapo hapo, rudi mbali kidogo alafu uje tena kwa mbele, manake cheni ya taiming ina ulegevu na ukija kinyume kipimo kinadanganya.

Kidole kisiposukumwa na alama imefika sifuri, hiyo ni egzosti, zungusha mzunguko mmoja mzima tena. Hapa ndo inapotokea ile hali ya kufunga distributa nusu duara, kila kitu kinaonekana sawa, umeme upo, petroli ipo, na mashine inapiga moto kupitia kabureta.

Alama yenyewe nayo usiiamini kwa macho kwenye mashine ya zamani. Balansa ni ringi ya nje iliyoshikwa na mpira, mpira ukizeeka ringi inateleza na alama inahama nayo. Kuhakikisha, toa plagi zote, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la namba 1, zungusha krenki kwa mkono tu, polepole, mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye balansa, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama. Topu ya kweli iko katikati ya hizo alama mbili. Isipolingana na sifuri, balansa ibadilishwe. Hapo usipige stata kizuizi kikiwa ndani hata kidogo.

Ukishapata namba 1, ingiza distributa ili ikishakaa chini rota iangalie mnara wa namba 1. Kumbuka itajizungusha mwendo wa saa ikishuka, kwa hiyo anza kabla yake. Gia ina meno 13, jino moja ni kama nyuzi 28 za distributa, ukikosea jino moja unaweza bado ukailazimisha kwa kuzungusha mwili, ila utakuta mwili unagonga manifodi au waya hazifiki. Toa, hama jino, rudisha. Ikigoma kukaa sababu ya pampu ya oili, tumia bisibisi kama nilivyosema juu.

Waya zipange kuanzia mnara wa namba 1 kwenda mwendo wa saa: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Waya wa 5 na wa 7 usizilaze pamoja. Hizo silinda zimepakana na zinafuatana kuwaka, umeme wa mmoja unaruka kwa mwenzake na 7 inawaka mapema kabla ya wakati. Zitenganishe kwa vishikio.

Pointi kwanza, taiming baadae

Kama distributa yako ni ya pointi (vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa koili), pengo lipangwe kabla ya taiming, manake ukipanua pengo taiming inaenda mbele, ukilipunguza inarudi nyuma, sasa ukianza na taiming utafanya kazi mara mbili. Zungusha mpaka kisigino cha pointi kiwe juu ya kona ya kamu, pengo liwe inchi 0.016, ni kama milimita 0.4. Ukiwa na mita ya dweli (inayopima nyuzi ambazo pointi zinabaki zimefunga), V8 hii inataka nyuzi 28 mpaka 32. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu, ikizidi inarukia pointi na kuzichafua.

Sasa taiming ya awali bila kuwasha. Krenki iko kwenye 8 kabla ya topu kwenye kompresheni, rudisha waya wa betri, piga bloa, taa ya majaribio unga upande hasi wa koili na nyingine kwenye bodi ya mashine, fungua swichi. Zungusha mwili wa distributa mwendo wa saa mpaka taa izime, pointi zimefunga. Sasa rudisha kinyume cha saa polepole sana, taa inapowaka tu simama, pointi zimefunguka na hapo ndipo cheche inapotoka. Kaza bolti kiasi. Zima swichi haraka, ukiiacha wazi na pointi zimefunga koili inachemka.

Kwa laiti, mashine ikiwaka

Maji yapo, bloa imepiga, kava limerudi. Bana laiti kwenye waya wa namba 1, mshale uangalie plagi. Washa, iache ipate joto la kazi kabisa. Alama kwenye balansa uwe umeipaka nyeupe. Shusha sailensi kama 600 mpaka 700, ikiwa juu zaidi uzito za advansi zinaanza kufunguka na unasoma uongo.

Elekeza laiti kwenye kipimo. MerCruiser 5.7 nyingi za kabureta ni 8 kabla ya topu, nyingine 10, fuata ya kwako. Kama alama haijafika legeza bolti kidogo tu, mwili usogee kwa kusukumwa lakini usicheze wenyewe. Kinyume cha saa unaipeleka mbele, mwendo wa saa unairudisha nyuma. Ikifika, kaza, alafu piga laiti TENA, manake kukaza kwenyewe huwa kunaisogeza. Jihadhari na mikono, laiti inafanya puli ionekane imesimama na mkanda haujasimama.

Wenye distributa za elektroniki zinazojipeleka mbele zenyewe, mfano Delco EST, lazima uiweke kwanza kwenye hali ya msingi kwa kuunga ule waya ulioelekezwa na kitabu, la sivyo unapima taiming ambayo kompyuta inaichezea. Na mashine mpya zaidi zinazosoma taiming kwenye sensa ya krenki, kuzungusha distributa hakubadilishi taiming, usipoteze siku.

Advansi yote

Hii ndo inayolinda pistoni na ndo wengi hawaiangalii. Ipime boti ikiwa majini, sio kwenye hose. Ifunge vizuri gatini, gia iwe nutro, pandisha taratibu mpaka kama 3000 au zaidi kidogo huku ukiangalia alama, itapanda alafu itafika mahali itasimama. Ukijumlisha na ile ya awali, 5.7 nyingi zinasimama kati ya 28 na 34, na ya kwako iko kwenye kitabu. Ikipita hapo rudisha nyuma, hata kama sailensi yake ilikuwa tamu. Isipopanda, uzito zimekwama. Alama ikirukaruka hovyo badala ya kutulia, bushi za distributa zimeisha au cheni ya taiming imelegea, na hiyo hakuna kuzungusha kutakaoiponya.

Ukienda majini kujaribu

Stata ikipigwa teke, yaani mashine inagoma na kurudi nyuma wakati wa kuwasha, au joto linapanda ukifungua, taiming iko mbele. Ikiwaka kwa shida, haina nguvu na egzosti zinachemka kuliko kawaida, iko nyuma. Ikimisi kwa mpangilio ule ule kila mara, rudi kwenye waya, mbili zimebadilishana. Ikimisi asubuhi tu kukiwa na unyevu, kagua ndani ya kava, ukiona mstari mweusi mwembamba kama nywele kava limepasuka, weka jipya na rota yake, lile la boti lenye vichwa vya shaba, manake yale ya alumini chumvi inayala upesi.

Ukirudi gatini gusa bolti ya distributa kwa spana uone kama bado imekaza, piga laiti mara ya mwisho, alafu paka mstari wa rangi kutoka mwili wa distributa mpaka kwenye manifodi, na namba ya taiming uiandike kwa maka chini ya kifuniko cha mashine ili fundi mwingine akija ajue ilipangwa ngapi.